Barua kwa mwanangu Elia: yule dume wa kijivu

Mwanangu Elia,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba banda limekamilika. Umeniuliza jambo moja tu: wale sungura watano uliowanunua mnadani, majike wanne na dume mmoja, uwatenge siku ngapi kabla ya kuwachanganya na wale 12 ulio nao. Siku 30, mwanangu, na zisipungue. Lakini kabla ya kuhesabu siku ningependa kujua asubuhi unaanza kuhudumia upande upi, na ufagio ukitoka kwa wageni unakwenda wapi.

Nauliza kwa sababu yule dume wa kijivu aliyeletwa na baba yako mwaka 1998, tulipokuwa bado Tukuyu, tulimtenga. Nyumbani husimuliwa kana kwamba hatukumtenga, nami hunyamaza. Alikaa wiki tatu peke yake nyuma ya jiko, akila vizuri, pua kavu, masikio safi. Nilimpenda mno, ndiyo maana kila asubuhi nilianzia kwake. Nikishamfagilia na kumpa maji, nilishika ufagio uleule na beseni lilelile, miguuni kandambili zilezile, nikaingia banda kubwa kwenye vitoto vya sungura alivyokuwa akivifuga Upendo. Unakumbuka mvua za El Nino zilivyokuwa. Mbao za sakafuni hazikukauka hata siku moja.

Vitoto vilikuwa 11, vimetoka tu kuachishwa kunyonya. Kwanza manyoya yalisimama, kisha matumbo yakavimba, kisha wakaanza kuhara, na kabla ya wiki mbili kwisha vilibaki viwili. Bwana mifugo alimpasua mmoja mbele yetu akatuonyesha ini lililojaa madoa meupe. Ilikuwa koksidiosisi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho. Alitueleza kwamba sungura mzima anaweza kubeba vimelea hivyo bila kuumwa, akavitoa na kinyesi kama mayai ambayo siku hiyo hayana madhara, lakini yakipata joto na unyevu kwa siku mbili tatu hukomaa, na kitoto kikiyameza pamoja na majani yaliyochafuka huugua. Dume wetu tungemtenga hata miezi sita asingeonyesha dalili yoyote. Tulimtenga dume, hatukuutenga ufagio.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, huenda vimelea vilikuwamo bandani tangu zamani, maana sungura wengi wanavyo, na sakafu ile ya mbao isiyo na wavu wa kupitisha kinyesi ilitosha kuwaua bila msaada wa mgeni. Baba yako alishikilia hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Lakini kwa nini vitoto vya nyuma, kabla dume hajaja, vilikua vyote katika banda lilelile? Hapo najibu kwamba mvua za mwaka uliotangulia hazikuwa kama zile. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyevipelekea ugonjwa, ingawa moyo wangu ulikwisha kuamua siku nyingi.

Kwa hiyo wahudumie wenyeji kwanza, vitoto kabla ya wakubwa, na wageni uwaendee mwisho, ukiwa na ufagio wao, beseni lao na viatu vinavyobaki mlangoni kwao. Ukitoka, nawa kwa sabuni. Fagia kinyesi kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Vizimba vimwagie maji yanayochemka, kwa kuwa dawa nyingi za kusafishia haziyaui mayai hayo. Kinyesi cha wageni kipeleke kwa daktari wa mifugo akipime kwa darubini. Angalia pia miguu ya mbele kwa upande wa ndani: manyoya yakiwa yamegandamana, huyo anajifuta pua na ana mafua, hata kama umemkuta pua kavu. Masikio yachungulie kila wiki, kwa maana utitiri wa masikio huchukua takriban wiki tatu kutoka yai hadi kukomaa, na sikio lililo safi siku ya kumi linaweza kuwa na magamba siku ya 25. Hiyo ndiyo sababu ya siku 30. Na huyo dume asipandishe jike yeyote wa zamani mwezi huo, hata jirani akikuomba umwazime.

Kuhusu kununua mnadani, ambako wanyama wa nyumba nyingi hulala katika tenga moja, ningekuwa na la kusema, maana ningependa zaidi ununue kwa mfugaji mmoja ambaye banda lake umeliingia na kulinusa. Lakini umekwisha kuwanunua, na banda ni lako, kwa hiyo nanyamaza.

Habari ya ufagio usimweleze Upendo. Alilia siku tatu kwa ajili ya vile vitoto, na tangu hapo hajafuga tena. Nitamwambia mwenyewe akija Desemba.

Mama yako