Mtoki wa shingoni na kansa ya mdomo
Mkuu, umeuliza kama mtoki wa shingoni, yaani tezi iliyovimba, unaleta kansa ya mdomo. Hapana, mtoki hauleti kansa, ila kansa ya mdomo au koo ikianza kutembea kituo cha kwanza mara nyingi ni tezi za shingoni. Mule kuna seli T, ndo askari wa mwili, zinafundishwa kumtambua adui, shida seli za kansa zinaweza kuwalaza hao askari halafu zinamea humohumo. Mjomba wangu wa Kongwa alikuwa nao chini ya taya, mgumu kama kokwa la embe, hauumi wala hausogei ukiubonyeza, akapaka dawa miezi. Mtoki ukipita wiki 3 haujapungua nenda hata hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wavute kwa sindano wapime, japo mitoki mingi ni maambukizi tu, hata jino bovu linaleta.