Maziwa ya kuchemsha kuchacha kabla ya jioni

Dada yangu wa Majengo, pole na hasara. Unachemsha maziwa saa kumi na mbili asubuhi, unayamimina kwenye ndoo, na ikifika jioni yameshachacha, ukadhani muuzaji anayachakachua. Labda, ila mimi naishuku ndoo kwanza.

Moto unaua bakteria wengi, si wote. Wapo wanaojifungia kwenye spora, yaani maganda magumu ya kujikinga yanayostahimili hata kuchemka. Na wengine huingia baadaye. Mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alilionyesha hilo miaka ya 1860: mchuzi uliochemshwa kwenye chupa yenye shingo iliyopinda haukuoza, hadi shingo ilipovunjwa na vumbi kuingia.

Sasa fikiria ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo wanamojificha bakteria, na joto la Moshi mwezi wa pili. Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20, baada ya saa 7 wamepita milioni 2!

Kwa hiyo usiyahamishe. Yaache kwenye sufuria ileile, ifunike, iweke ndani ya karai la maji baridi na ubadilishe maji yakipata moto. Yakipoa, friji, nyuzi 4 hivi. Friji haiwaui, inawachelewesha tu. Upawa wa kuchotea uumwagie maji ya moto kwanza, na usiongezee maziwa mapya juu ya ya jana (wengi tunafanya hivyo, mimi pia nimewahi).

Jaribu siku tatu kabla hujagombana na muuzaji.