Jibu: Kijana wa miaka 16, mrefu, ila pointi tatu zinamsumbua

Umeuliza kuhusu kijana wa mpira wa kikapu anayefunga vizuri chini ya kikapu, lakini mitupo yake ya pointi tatu inaingia asilimia 28 tu. Usimkatie tamaa kwa hiyo asilimia 28. Umesema amerusha 25 tu, yaani zimeingia 7; zingeingia 2 zaidi ungekuwa unasifu asilimia 36. Angalia mitupo huru kwanza, ile ya adhabu inayorushwa bila kukabwa. Akiingiza 75 kwa 100, mkono upo, na mtupo wa mita 6.75, umbali wa pointi tatu, utajengeka. Akiwa chini ya 60, kagua kiwiko kinachofunguka nje na mkono wa pili unaosukuma mpira wakati wa kuuachia. Vyote huupeleka pembeni.

Mimi ningehofia zaidi hizo pointi za chini ya kikapu unazozisifia. Anafunga kwa ufundi, au amewazidi wenzake kimo tu? Mtazame akikabwa na beki wa urefu wake: anatua kwa miguu miwili, anadanganya na kugeuka, au anajirusha kifuani mwa beki? Mkono wa kushoto unamalizia? Wakimzonga wawili, pasi inatoka mapema au akishanaswa? Hilo la pasi lipe uzito mkubwa, maana kusoma mchezo huchelewa kufundishika kuliko shabaha. Na tazama mechi nzima dhidi ya timu ngumu, si vipande vya video vilivyochaguliwa.