Yai la bata limetoboka tangu asubuhi, nimsaidie kutoka? WEKA KIBANO CHINI

Mkuu weka hicho kibano chini kwanza ndo usome. Umesema mayai yako ya bata yapo siku ya 27 kwenye mashine ya kutotolea, moja limetoboka tangu asubuhi na mpaka usiku huu kifaranga hajaongeza hata ufa, analia tu humo ndani, unataka umbandulie ganda, halafu ukauliza na unyevu na chakula cha siku za mwanzo. HAPANA. Usimbandue na hiyo mashine usiifungue kabisa.

Masaa kumi na mbili ya kusubiri kwa bata si kitu. Hawa sio kuku bana. Bata akishatoboa ganda anaweza kukaa saa 24 mpaka 48 ndo atoke, na muda mwingi hapo katikati amelala tu. (Kama ni wale wenye nyama nyekundu usoni wanaenda mpaka siku 35, ila lako limetoboka 27 kwa hiyo siyo hao.)

Mimi batch yangu ya kwanza yalikuwa mayai 14, nikayamulika na tochi nikatoa matatu hayana kitu, yakabaki 11 yana mishipa mizuri imetanda kama buibui. Siku ya 27 la kwanza likatoboka asubuhi kama lako hivyo hivyo. Na mimi nilishaangalia video ya jamaa mmoja kavaa glavu nyeupe anamenya yai kama anamenya chungwa, muziki mtamu nyuma, kifaranga anatoka huyooo anatembea. Yule mtu hakusema lile yai limetoboka lini! Hakusema amesubiri siku ngapi! Yaani amekata kipande chote cha kusubiri akabakiza ushujaa wake, na chini watu wamemjazia makopakopa. Siku nikikutana naye tutaongea vizuri.

Basi nikachukua kibano cha nyusi cha mke wangu (msinicheke, nilikichemsha kabisa kama daktari wa upasuaji) nikatoa kipande cha ganda kama ukucha wa kidole kidogo. Chini yake kuna utando mweupe, nikauchana, ukatoka uzi mwembamba wa damu. Nikajiambia ah, kawaida hiyo. Nikaendelea. Damu ikawa tone, matone, nami ndo kwanza nakazana kumtoa haraka ili apone, akili zangu hizo, nilipofika chini nikakuta kiini bado kiko nje ya kitovu, kinjano, saizi ya harage, kimeshikana na tumbo lake. Akafungua mdomo mara tatu nne kiganjani mwangu, akatulia.

Baadaye sana ndo nikaja kuelewa nilichofanya. Kifaranga anatoboa kwanza utando wa ndani anaingiza mdomo kwenye kile kifuko cha hewa, anaanza kuvuta pumzi kwa mapafu, ndo anatoboa ganda. Akishatoboa hapo anatulia kwa sababu ana kazi nyingine, ile damu iliyoko kwenye mishipa ya utando inatakiwa irudi mwilini na kiini kiingie tumboni. Wewe unaona amechoka kumbe anafunga mizigo. Ukimbandua muda huo ni kama umemchana mshipa.

Na msiba haukuishia hapo. Muda wote huo mfuniko uko wazi, mvuke wote umepotea, mayai mengine matano yalikuwa yametoboka. Utando ukakauka ukawashika vifaranga kama nailoni, hawawezi hata kugeuza shingo. Nikapaniki nikabandua mengine mawili ambayo nayo yalikuwa yanaanza, yaleyale, damu. Wale watano wakafa midomo ikiwa nje. Kati ya 11 nilipata watatu, na hao watatu ni wale waliotoboa kesho yake nikiwa nimeshasusa sitaki hata kuingia chumba kile. Yaani waliopona ni wale niliowakasirikia.

Kwa hiyo mkuu, hesabu kuanzia saa lilipotoboka mpaka 48, mikono mfukoni. Kutoka siku ya 25 hutakiwi kugeuza mayai tena, unyevu upandishe asilimia 70 na kuendelea, maji ukitaka kuongeza pitisha kwa mrija kwenye tundu la pembeni, yawe ya uvuguvugu, mfuniko usiguse. Kulia sio kuomba msaada, wanaitana humo ndani, wangu mmoja alilia usiku kucha na asubuhi nikamkuta amelikata ganda duara zuri kama mtu anafungua kopo.

Kitu pekee kitakachonifanya mimi nishike yai ni zile saa 48 zimepita, hajakata chochote, na utando umeshakuwa wa kahawia mkavu umemkamata. Hapo lowanisha utando kwa pamba na maji ya uvuguvugu, toa ganda kidogo upande ule mnene wenye kifuko cha hewa tu, ukiona wekundu wowote ACHA rudisha yai ndani uende ukalale. Sio umalizie. Najua utatamani umalizie.

Kulikuwa na kingine umeuliza sijui chakula sijui nini, wadau watakuja watakujibu, mimi hili la kibano ndo limenitoa kitandani. Lete mrejesho kesho kutwa. Na kama hicho kibano ni cha wife kirudishe saa hii hii kabla hajakitafuta, wangu mpaka leo hajui kile kilienda wapi.