Msimtambue Kipepeo kwa Rangi Peke Yake

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Nyamagana. Mwezi uliopita nilikuwa kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, na wanafunzi wangu, tukakuta vipepeo wawili wakijamiiana juu ya jani, pembeni mwa njia ya msituni. Mmoja alikuwa wa njano iliyofifia, ana mikia. Mwenzake wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye mabaka meupe, hana mkia. Programu ya simu ilitupa Papilio dardanus kwa wa kwanza na Danaus chrysippus kwa wa pili. Tuandike kwamba spishi mbili zimejamiiana? Picha zote zipo kwenye kundi letu la WhatsApp.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Msiandike hivyo. Kwa maelezo yako, mliona dume na jike wa spishi moja, Papilio dardanus. Programu imepatia kwa dume tu.

Swali la namna hii hunifikia mara kwa mara, na kosa lenyewe ni la zamani. Wataalamu wa karne ya 19 walimpa dume jina lake na majike majina mengine, kana kwamba ni spishi mbalimbali, mpaka Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoeleza kuwa wote ni jamii moja. Madume hufanana: njano, kingo nyeusi, mikia. Majike wa huku kwetu kwa kawaida hawana mkia, na wengi wamevaa sura ya kipepeo mwingine ambaye ndege humkwepa kwa sababu ya sumu. Kuna wanaomwiga Amauris niavius, mweusi na mweupe. Wa kwenu amemwiga Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini hata akishaota mabawa. Rangi ya jike huyu ipo kwa ajili ya kudanganya, nasi rangi hiyohiyo ndiyo tunaitegemea kumpa jina! Ikiwa inamdanganya ndege anayeishi kwa kuwala, simu itasalimikaje?

Hesabuni miguu. Papilio husimama kwa miguu sita. Danaus husimama kwa minne, jozi ya mbele imekuwa midogo na kukunjwa kifuani. Mkirudi mjini mtamkuta na wa tatu kwenye bustani, jike wa Hypolimnas misippus, naye wa chungwa, naye wa miguu minne. Huyo mtazameni bawa la nyuma: ana doa jeusi moja karibu na ukingo wa mbele, ilhali Danaus ana matatu au manne katikati ya bawa. Ndiyo maana nakataa picha moja iliyopigwa kutoka juu. Nataka ya ubavuni, miguu ionekane, na ya upande wa chini wa bawa. Wavu uacheni nyumbani. Rubondo ni hifadhi ya taifa, humkamati hata mdudu bila kibali.

Sasa hiyo WhatsApp. Picha ikipita humo kwa kawaida huvuliwa taarifa za mahali ilipopigwa. Mwanafunzi akiipakua Nyamagana na kuipandisha iNaturalist, mtandao wa kuweka rekodi za viumbe, akiwa Nyamagana, asipokuwa makini kipepeo wa msitu wa Rubondo anaandikwa mkazi wa katikati ya jiji. Nimekutana na rekodi ambazo alama yake ya ramani imeangukia majini, mbali na kisiwa chochote.

Mtu ataniambia ni jambo dogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja Mwingereza, Hale Carpenter, alitumwa visiwa vya Ssese, kwenye ziwa letu hilihili upande wa Uganda, kushughulikia ugonjwa wa malale. Huko akakusanya vipepeo, Pseudacraea eurytus na wale wenye ladha mbaya anaowaiga, akihesabu kisiwa kwa kisiwa. Akagundua kwamba pale waigwa walipokuwa wachache, waigaji walikuwa na sura za mchanganyiko, hazifuati mfano mmoja. Angechanganya visiwa katika daftari lake, au angewapa majina kwa kutazama rangi, asingeona chochote.

Kwa hiyo sina subira na hawa wanaojiita wataalamu mitandaoni, wanaotoa jina ndani ya dakika moja kwa picha yenye ukungu, halafu mtu wa pili anaitikia bila kutazama. Kwenye iNaturalist watu wawili wakikubaliana, rekodi inaweza kuhesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti, na kutoka hapo inachotwa na watu wa dunia nzima. Kosa likishafika huko kulifuta ni kazi ya miaka. Kama miguu haionekani na madoa hayaonekani, andikeni "kipepeo", tarehe, saa, mahali, idadi na alichokuwa akifanya, muishie hapo. Rekodi hiyo naipokea kwa mikono miwili.

Na huyo mwanafunzi aliyepiga picha, mwambie asiifute kwenye simu yake. Aniletee hiyo ya asili.