Kabla hujafungua boksi: ndege za plastiki kwenye hewa ya Lamu

Likizo ya Disemba haipiti bila kijana kunibishia hodi hapa Mkomani, boksi kwapani. Mjomba kamletea kutoka Nairobi, au Dubai. Ndani mna ndege ya kivita ya kuunga mwenyewe, vipande vyake bado vimeshikana kwenye fremu za plastiki, naye anataka isimame kwa magurudumu yake kabla ya Ijumaa. Humkalisha kwanza, nikamtilia kahawa. Ndege zangu za mwanzo niliziharibu karibu zote kwa kosa moja: nilishika kitu ambacho hakijakauka.

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaowachanganya wengi. Ukiona 1/72 kwenye boksi, mtu wa futi 6 amekuwa inchi 1. Spitfire ya Waingereza, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11 na kidogo, inakuwa sentimita 15 na nusu, inatua kiganjani. Ile ya 1/48 inapita sentimita 23 na bei yake inapanda nayo. Chukua 1/72, ndege ya injini moja na bawa moja kila upande. Zile za zamani zenye mabawa ghorofa mbili na nyaya katikati ziache mpaka mkono utulie.

Fremu zote zioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Zinatoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haikai juu ya mafuta. Kipande usikivunje kwa vidole. Kikate mbali kidogo na mwili wake, kisha kile kijiti kilichobaki ukimalize kwa kisu chembamba na msasa wa maji, namba 400 halafu 800.

Ami yangu huchonga vijahazi vya kuuza kwa watalii. Hajawahi kugusa ndege ya plastiki, ila kazi hii nimeisoma kwake. Kila ubao huupachika mkavu, bila gundi wala msumari, mara tatu nne, akiuinua machoni. Siku moja nilimuuliza mbona anapoteza wakati. Akanijibu, "Mwanangu, mwanya ukiuona sasa una dawa. Ukiuona baharini una maji." Basi nawe pachika kavu. Shika nusu mbili za mwili kwa tepu, weka mabawa, tazama ndege kwa mbele kama inakujia: bawa moja likiwa juu kuliko jingine, rekebisha sasa.

Gundi ya plastiki ina kazi yake ya pekee: inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo haitakiwi nyingi. Shikanisha vipande, gusa mwanya kwa brashi ndogo yenye gundi ya majimaji, itajivuta yenyewe mpaka mwisho. Ukitia nyingi, plastiki inalainika na alama ya kidole chako inabaki pale daima. Supa gluu nayo usiilete karibu na kioo cha rubani, mvuke wake unakigeuza cheupe kama jicho lenye mtoto. Kioo kiunge kwa gundi nyeupe ya shuleni, ambayo ikikauka haionekani.

Ndege ya pili niliyounga ilikuwa F-5E, aina ambayo Jeshi la Anga la Kenya limeitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nilifurahi nayo wiki nzima. Siku ya kuisimamisha ikakaa kitako, pua juu, kama punda aliyegoma pale bandarini. Ndege yenye gurudumu la mbele puani inataka uzito puani, nao unatiwa kabla ya kufunga mwili. Maelekezo yalikuwa yamesema, ila mimi nilitazama picha tu. Siku hizi natumia chubwi za mshipi, zile ndogo, nazigandisha ndani ya pua, kisha najaribu kavu kama inasimama. Duka lolote la vifaa vya uvuvi linazo.

Sasa rangi, na hapa ndipo karatasi ya maelekezo isipokufaa sana. Muda wa kukauka walioandika haukupimwa kwenye nyumba ya mawe iliyo hatua mia kutoka baharini. Hapa kwetu rangi hudanganya: juu kavu, chini mbichi. Ukiweka tepu ya kuzuilia rangi juu yake, inang'oka na ngozi nzima. Rangi za mafuta naziacha siku mbili, za maji usiku mzima, na sijaribu kwa kidole juu ya bawa. Napaka kijiko cha plastiki siku ileile, nakijaribu hicho.

Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, hatari ni unyevu. Vanishi ya kupuliza inapokauka upesi inapoza uso wa plastiki, unyevu wa hewani unaganda ndani yake, na ndege ya kijani inakuwa ya maziwa. Ilinitokea nikadhani nimenunua kopo bovu. Kipimo changu sasa ni chumvi ya jikoni: ikishikana kwenye kikopo, sipulizi. Nangoja siku yenye jua, kati ya saa saba na saa tisa mchana. Ikishakuwa nyeupe usiikwangue. Subiri siku kavu, pulizia tena vanishi ileile kwa wepesi, mara nyingi weupe unayeyuka.

Kaskazi nayo ina shida ya kinyume. Upepo mkavu unaikausha rangi hewani kabla haijafika, na bawa linaparuza kama msasa. Pulizia asubuhi upepo haujaamka, dirisha la upande wake limefungwa na jingine wazi, maana mvuke ule si wa kuvuta. Na uvae barakoa. Kama unapaka kwa brashi, zimua rangi, piga mikono mitatu myepesi, na usirudi mahali ulipokwisha pita. Rangi isiyokoza kwanza, iliyokoza baadaye. Ncha za njano za propela ya Spitfire, kwa mfano, zipake njano, zifunike, kisha upake nyeusi. Ukianza na nyeusi utapaka njano mpaka Idi.

Ukimaliza, funika kwa kopo kubwa la aiskrimu. Vumbi la chokaa linadondoka kutani mchana kutwa, na mji huu una paka wengi kuliko milango. Nina ndege moja yenye nyayo tatu kwenye bawa la kushoto. Wageni huniuliza ni alama ya kikosi gani.

Stika za maji zinahitaji uso unaong'aa. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini na pembeni panametameta kama magamba ya samaki. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa kwanza, stika, halafu ile ya kuondoa mng'ao mwisho. Stika ikae majini nusu dakika, uitoe ilegee juu ya karatasi yake, uisukume kwa brashi yenye maji, isikamatwe kwa kucha. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yaliniachia duara jeupe kuzunguka kila nembo. Tumia ya mvua au ya chupa.

Waya wa antena hauuzwi ndani ya boksi. Kata kijiti cha fremu, kigeuzegeuze juu ya mshumaa bila kugusa moto mpaka kilegee, uondoe, uvute taratibu: unapata uzi mwembamba kama unywele.

Pa kuiweka tunapo tayari. Kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kikiwa mbali na dirisha kinatosha, jua lisiifikie likapausha nembo. Vumbi litoe kwa brashi laini, si kitambaa. Kwangu zimeshakatika antena tatu, zote mkononi mwa mtu aliyekuwa akinisaidia kufuta vumbi.