Aqua kuchemka kwenye foleni: angalia haya kabla ya kununua betri

Mkuu, nimekuelewa. Toyota Aqua ya 2013, gari ya haibridi (injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme), foleni ya Ubungo saa saba mchana, pembetatu nyekundu ya onyo inawaka kwenye dashibodi, gari inakosa nguvu, ukiizima ikapumzika nusu saa inarudi kama kawaida. Fundi kakwambia betri kubwa ya haibridi imekufa, tafuta nyingine. Mimi nilikuwa na Toyota Prius ya kizazi cha tatu, nayo haibridi, sasa naendesha Aqua kama yako, na joto limenisumbua kwenye zote mbili. Kwa maelezo uliyotoa, betri ningeifikiria mwisho kabisa.

Gari hizi zina mifumo mitatu ya kupoza, na kila mmoja unajitegemea. Injini ina rejeta na maji yake. Inveta, lile boksi la alumini chini ya boneti linalogeuza umeme wa betri ili mota iutumie, nayo ina maji yake, kichupa chake na kipampu chake cha umeme, wala hayachanganyiki na ya injini. Betri kubwa haina maji, inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Sasa fundi aliyezoea gari za kawaida akisikia "inachemsha" anafungua rejeta, anakuta maji yamejaa, basi lawama zote anaitupia betri. Inveta hata hajaigusa.

Na dalili zako zinanukia inveta. Pampu ikichoka, joto linapanda, kompyuta inapunguza nguvu ili boksi lisiungue, ukipumzika linapoa na gari inasahau kila kitu. Prius yangu ilifanya hivyohivyo. Si ugonjwa mgeni pia: mwaka 2012 Toyota iliziita Prius za kizazi cha pili zirudi kwa ajili ya pampu hiyo.

Kuipima huhitaji mashine. Gari ikiwa imepoa kabisa, fungua kichupa cha inveta. Usikichanganye na cha injini. Fuata mipira yake, lazima ikupeleke kwenye boksi lenye nyaya za rangi ya chungwa. Hizo nyaya usiziguse, ila maji unaweza kuyachungulia bila shida. Washa gari, halafu tazama. Pampu hii inazunguka muda wote gari ikiwa imewashwa hata kama injini imezima, kwa hiyo maji yanatakiwa yawe yanatibuka. Yakiwa yametulia tuli kama ya mtungini, hayaendi popote. Kabla ya kununua pampu kagua fyuzi yake na plagi ya waya. Plagi inashika kutu, hasa kwa gari zinazopita kwenye maji ya mvua. Na wakati unachungulia kumbuka taa ya READY (gari tayari kuondoka) ikiwaka kwenye dashibodi, injini inaweza kujiwasha yenyewe muda wowote, hivyo mikono mbali na feni.

Kama fundi alipima kwa mashine, mwambie akupe kodi za hitilafu zenyewe (namba ambazo kompyuta ya gari inahifadhi), asikupe tafsiri yake. P0A93 ni upozaji wa inveta. P0A82 ni feni ya betri. P0A80 ndiyo inayosema betri imechoka, na hata hiyo nisingeikubali kabla ya kusafisha feni, maana betri iliyopikwa kwa joto muda mrefu nayo hutoa majibu mabaya. Mlango wa hewa wa betri uko kwenye Aqua kule kwenye kiti cha nyuma, chini. Watu wanauziba kwa mabegi ya shule na mazulia, halafu vumbi letu linamalizia. Feni yangu nilipoifungua mapanga yalikuwa yamevaa manyoya ya vumbi. Brashi laini na upepo wa kompresa vilitosha. Na mchana wa Dar washa AC, mkuu, hata kama unabana mafuta: hewa unayovuta wewe ndiyo inayovutwa na betri.

Upande wa injini, Aqua na Prius ya kizazi cha tatu hazina mkanda wa kuzungusha pampu ya maji. Pampu hiyo ni ya umeme. P261B inakuelekeza kwenye pampu hiyo. P148F inasema pampu inazunguka kasi kupita kiasi, na mara nyingi maana yake ni upepo ndani ya mfumo au maji yamepungua, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha pampu. Toa upepo vizuri kwanza. Tatizo ni kwamba injini inajizima katikati ya kazi. Iweke kwenye hali ya matengenezo: washa bila kukanyaga breki mpaka taa za dashibodi ziwake, gia ikiwa P kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili, weka N kanyaga mara mbili, rudi P kanyaga mara mbili, kisha kanyaga breki na uwashe. Yote hayo ndani ya dakika moja. Injini itaunguruma bila kujizima mpaka wewe uizime.

Maji yakipungua bila kuvuja popote na asubuhi injini inatetemeka inapowaka, hapo ndipo uogope. Hiyo ni gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake), na Prius ya kizazi cha tatu inajulikana kwa hilo, hasa njia za EGR (zinazorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) zikizibwa na masizi. Fundi apandishe presha kwenye rejeta aiache usiku kucha, asubuhi atoe plagi za kuwashia mafuta achungulie silinda kwa kamera. Pistoni moja ikiwa safi inang'aa kuliko wenzake, maji yanapita hapo.

Kuna wanaokushauri utoe themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Usithubutu. Injini ya haibridi isipofikia joto lake haitakubali kujizima, utakuwa umenunua haibridi inayokunywa kama gari ya kawaida. Maji ya bomba au ya kisima nayo weka pembeni. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na njia za maji ndani ya inveta ni nyembamba na za alumini. Weka kulanti (maji maalumu ya kupozea) ya pinki ya Toyota iliyokwisha kuchanganywa, usiongeze kitu.

Kwenye pampu ya inveta sinunui ya mtumba. Zile za Kariakoo zilizochomolewa kwenye gari nyingine zina umri uleule wa yako, na ufundi utaulipa mara mbili. Kwa sasa usipeleke gari safari ndefu. Pembetatu ikiwaka egesha, zima, subiri, usilazimishe kufika. Chungulia kile kichupa kesho asubuhi kabla hujatoka, uniandikie umeona nini pamoja na namba za kodi.